Kitanda cha Kuvuka Pantoni

Ukisimama Feri asubuhi ukatazama kinachopanda na kinachoshuka kwenye pantoni ya Kigamboni, utaona nyumba za watu zikihama. Kabati limelazwa chali juu ya kirikuu. Chaga za kitanda zimefungwa kwa kamba ya katani. Kochi limegeuzwa miguu juu kwenye guta, na kijana amelikalia kulishikilia. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 magari mengi yalihamia huko, lakini anayetoka katikati ya jiji na mzigo wake bado huona mkato ni huu wa majini. Nilisimama pale nikitazama samani tu, maana ndizo zilizonitoa Dodoma. Mdogo wangu amepanga nyumba ya vyumba viwili Kigamboni, anaanza maisha na mwenzake, na mimi dada mkubwa nimekabidhiwa kazi ya kununua kitanda cha sita kwa sita, kabati la nguo, na meza ya chakula pamoja na viti vyake. Hela ni ya wastani. Swali ni lile lile la kila anayeanza maisha mjini: mbao au bodi?

Watu wengi wana jibu hata kabla hujauliza. Wazee watakwambia mbao, basi, hayo mengine ni makaratasi yaliyogandishwa. Vijana watakwambia bodi, kwa kuwa ni nyororo, haina fundo wala ufa, na bei yake inalingana na mshahara. Nimeshuhudia pande zote mbili zikijuta. Kwetu Dodoma hewa ni kavu kiasi kwamba mlango wa kabati la mninga unaweza kupasuka katikati bila mtu kuugusa, huku kabati la bodi la jirani likikaa miaka na miaka bila doa. Lakini Dar es Salaam ni mji ambao wakati wa masika chumvi haitoki kwenye kichupa. Ushauri niliotoka nao nyumbani usingenifaa huku, ndiyo maana niliona nianzie majini.

Pembeni mwa soko la samaki la Magogoni vyombo hupandishwa mchangani kusubiri maji au matengenezo. Nilimkuta fundi wa makamo amechuchumaa ubavuni mwa mashua akitia kalafati: anasokota pamba iliyolowekwa mafuta, anaipanga kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, kisha anaisukumiza ndani kwa chuma butu na nyundo ya mti, akigonga kwa mwendo mmoja usiobadilika. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini asizibane mbao zile tangu mwanzo mwanya usiwepo. Akanionyesha sehemu iliyokuwa imekaa juani, ambako ukucha wangu ulizama kati ya ubao na mwenzake.

“Kikishuka majini zinavimba, zinajifunga zenyewe,” alisema. “Ukizibana sana zikiwa kavu, zikija kuvimba zinang’oa misumari.”

Hilo ndilo somo lote la mbao, na limo kwenye kila kitanda na kila droo. Mti ulipokuwa hai ulikuwa unapandisha maji. Ukiangushwa na kupasuliwa, nyuzi zake haziachi kunywa na kutema unyevu kwa kufuata hewa iliyopo. Kwa urefu ubao haubadiliki kiasi cha kuonekana, ila kwa upana hutanuka na kusinyaa maisha yake yote. Droo iliyofunguka vizuri Januari hugoma Aprili. Fundi mzuri hapambani na tabia hiyo, anaiachia nafasi.

Kutoka Feri nilitembea kwa Sokoine Drive, bandari ikiwa mkono wa kushoto, nikapita kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, hadi Boma la Kale. Jengo hili ni la miaka ya 1860, enzi Sultani Majid bin Said alipokuwa akiujenga mji huu, na sasa lina kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya Dar es Salaam, DARCH. Kuta ni za mawe ya matumbawe, mlango ni wa nakshi wa Kizanzibari. Watalii hupiga picha nakshi. Mimi nilitazama maungo. Milango ya aina hii hujengwa kwa mbao nene zilizosimamishwa wima na kushikwa kwa vipande vya kukingama upande wa nyuma, na katikati husimama mfaa unaofunika mwanya wa mbawa mbili. Kwa hiyo kila ubao una pa kutanukia, na mwanya ukipanuka wakati wa kiangazi, mfaa unausitiri. Mafundi wa pwani walichagua msaji uliotoka India, mvule, mfenesi, na mbambakofi, ambao bara tunauita mkongo. Hata vyumba vya nyumba za mawe za pwani hii vilifuata mti: boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba kikawa kirefu lakini chembamba.

Nilipita Mnara wa Saa na Mnazi Mmoja, nikaingia Kariakoo. Hapa sitasimulia msongamano, kila mtu anaujua. Nitataja soko kuu tu, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Amuli alibuni paa zenye umbo la faneli ili zikusanye maji ya mvua na kuyapeleka kwenye hifadhi. Alijua kuwa katika mji huu lazima uamue mapema maji yaende wapi, na anayenunua kabati ana uamuzi huo huo mbele yake.

Upande wa Gerezani niliingia duka la bodi. Karatasi zake zimesimamishwa ukutani kama vitabu, kila moja futi nane kwa nne, na nyuma ya duka mashine inakata kwa vipimo unavyotaka. Kijana muuzaji alinikaribisha, “Karibu dada, unatengeneza jiko au kabati?” Alikuwa mwelewa. Nilimwomba mabaki ya kila aina, akaniokotea vipande vitatu sakafuni.

Kipande cha kwanza kilikuwa plaiwudi. Ukikitazama ubavuni unaona tabaka nyembamba za mti halisi, kila moja nyuzi zake zikikatiza nyuzi za mwenzake, na idadi ya tabaka kwa kawaida ni witiri. Kwa kuwa zimekatizana, zinazuiana kutanuka. Ndiyo maana plaiwudi haipindi ovyo. Cha pili kilikuwa chipbodi: chembe za mti zilizochanganywa na gundi na kushindiliwa kwa joto. Cha tatu MDF, ambayo mti umesagwa hadi nyuzi laini kabla ya kugandishwa, uso wake ukawa mtambarare kabisa na mzuri kwa rangi. Hivi viwili vya mwisho ndivyo hufunikwa ngozi ya melamini yenye picha ya mbao, na ndivyo vinavyoumba sehemu kubwa ya kabati zinazong’aa madukani. Usidhani vyote vinatoka ng’ambo. Chipbodi hutengenezwa hata mkoani Tanga, huko Mkumbara.

Na visitukanwe. Kiwanda cha bodi hutumia matawi, magamba na masalia ambayo seremala angeyachoma, na mti mmoja hutoa samani nyingi zaidi. Nchi yenye watu wanaoongezeka na misitu inayopungua haiwezi kudharau hilo.

Nilichokijali ni ukingo. Uso wa bodi yenye melamini ukiumwagia chai utaufuta yaishe. Maji huingia pale ilipokatwa, na kama mkato haukufunikwa kwa utepe uliogandishwa sawasawa, bodi hunywa hadi ikavimba, na haisinyai tena ikawa kama zamani. Nilimwomba muuzaji kopo, nikatia vipande vitatu pamoja na kijiti cha mninga nilichookota nje, nikajaza maji, nikafunga kifuniko. Alicheka, akaniambia kwa unyoofu uliofanya nimpende, “Dada, hicho cha katikati hakitafika jioni.”

Kuna pia suala la harufu. Ukifungua kabati jipya la bodi macho yakakuwasha, ni formaldihaidi iliyomo kwenye gundi inayotoka. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na joto na unyevu, yaani hali ya hewa ya Dar es Salaam yenyewe, huongeza utokaji wake. Bodi nzuri hubeba alama ya E1, kiwango cha Ulaya cha kudhibiti gesi hiyo. Uliza alama hiyo, hasa kama kabati ni la chumba cha mtoto, na acha madirisha wazi majuma ya mwanzo. Tusione aibu kuuliza. Tunauliza tarehe ya mwisho ya maziwa, tunashindwaje kuuliza kuhusu kitu tutakachokivuta kwa pumzi usiku kucha?

Nikiwa njiani kutoka Gerezani, kwenye bajaji ya kwenda Keko, nilikuwa nawaza samani za Dar es Salaam hufa kwa nini hasa. Mafuriko yapo. Desemba 2011 Bonde la Msimbazi lilijaa, na watu wa Jangwani walipoteza ndugu na kila kilichokuwa ndani. Lakini nyumba nyingi hazijawahi kuona mafuriko, na kabati zake zinakufa vilevile. Zinauawa na ndoo ya kudeki. Kila asubuhi mji huu hudeki: maji humwagwa, hukusanywa kwa tambara au mopu, na kila asubuhi unyevu kidogo hubaki chini ya kabati lililokaa moja kwa moja sakafuni. Ukitaka kujua umri wa kabati la bodi, usitazame milango, inama utazame sentimita tano za chini. Hapo ngozi imebenuka, bodi imetoa midomo, na vumbi la hudhurungi linamwagika ukigusa.

Kinachoua kwa pili ni kuhama. Mpangaji wa Dar es Salaam hulipa kodi ya miezi sita au mwaka, na mwenye nyumba akipandisha, anafunga vitu. Kabati la bodi huungwa kwa skrubu. Mara ya kwanza skrubu hushika vizuri, kwa kuwa inachimba njia yake. Ukiifungua ili kabati lipite mlangoni kisha ukairudisha, inazunguka kwenye unga. Mafundi huziba tundu kwa njiti na gundi, wanasogeza bawaba kidogo juu, na kabati linaishi hadi kuhama kunakofuata. Mbao ya kweli hustahimili hili, kwa kuwa skrubu imeshikwa na nyuzi ndefu. Mdogo wangu anaanzia Kigamboni. Sitegemei kuwa atazeekea kwenye nyumba hiyo ya kupanga, kwa hiyo chochote nitakachonunua kitavuka pantoni angalau mara mbili.

Keko unaisikia kabla hujaiona: msumeno wa umeme, randa, nyundo, muziki. Vitanda vimesimamishwa kando ya barabara, vingine bado vyeupe havijapakwa kitu, vingine vinakauka vanishi juani na vumbi la barabara likitua juu yake. Nilipita karakana kadhaa nikasimama kwa mzee mmoja aliyekuwa anaranda mguu wa meza kwa mkono ingawa mashine ilikuwa karibu naye.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mama. Karibu kitanda.”

Nilipomwambia sitaki kuonyeshwa vilivyokwisha pakwa vanishi, alitabasamu akaweka randa chini. Akanipeleka nyuma zilikolala mbao. Alichukua ubao wa mninga, akanionyesha pembeni palipo na rangi nyeupe ya maziwa na katikati palipo na wekundu wa kahawia. Weupe ule ni sehemu iliyokuwa ikipandisha maji ya mti na kuhifadhi chakula chake, na dumuzi wanaupenda. Moyo wenyewe hawaushughulikii sana. Fundi asiye mwaminifu huacha weupe, anaupaka rangi ukafanana na moyo, na baada ya mwaka unaona unga mdogo mdogo chini ya kitanda. Vilevile paini hupakwa ikaitwa mninga. Dawa ni kugeuza: tazama chini ya meza, ndani ya droo, mgongoni mwa ubao wa kichwani, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaka. Kisha inua. Paini haitakudanganya mkononi.

Alipoingia kwenye ukavu alizungumza kwa muda mrefu zaidi kuliko kwenye majina ya miti. Mbao mbichi ikifanywa kitanda leo, itakaukia ndani ya nyumba ya mteja, na maungo yatalia. Yeye huzipanga mbao zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, chini ya paa, na huzisubiri. Wateja wengi hawasubiri. “Wanataka Ijumaa,” alisema, “harusi Jumamosi.”

Nilimuuliza mninga wake unatoka wapi, na sikuuliza kwa udadisi tu. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji, Kilwa na Lindi zilikaribia Dar es Salaam, na magogo yakaanza kumiminika. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza jinsi uvunaji wa kusini ulivyokuwa umetawaliwa na magendo na rushwa, na jinsi serikali na vijiji vilivyopoteza sehemu kubwa mno ya mapato yao. Mninga hukua taratibu, kizazi cha binadamu na zaidi kabla haujafaa kupasuliwa. Tukiununua bila kuuliza, tunawanyima wajukuu. Kwa upande mwingine, mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha FSC kwa misitu yao ya asili, na mpingo wao ukauzwa ukiwa na hati safi. Kumbe inawezekana. Mzee alinionyesha alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu kwenye mbao zake na karatasi ya kibali cha kusafirishia. Nilizisoma zote mbili, na alisubiri bila kununa.

Lakini mwishowe sikuchukua mninga. Alikuwa na mtiki, yaani msaji, wa kupandwa. Msaji uliletwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na leo Longuza kule Muheza, Mtibwa na Bonde la Kilombero kuna mashamba yake. Una mafuta yake ya asili yanayowakera wadudu, haupindi sana, na anayeukata amepanda mwingine. Mtiki wa shamba uliokatwa ukiwa mdogo una weupe mwingi, kwa hiyo tulichagua ubao mmoja mmoja, tukiweka kando kila wenye mstari mpana wa maziwa. Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipokumbuka kopo langu.

Tulilifungua juu ya benchi lake. Kijiti cha mninga kilikuwa kimekoza rangi tu. Plaiwudi imenywa maji lakini tabaka zake zimeshikana. MDF imenenepa ukingoni. Chipbodi nilipoiminya kwa vidole ilikatika, chembe zikatawanyika kwenye maji kama pumba. Mafundi wawili vijana walikuja kutazama. Mzee akachukua kile cha plaiwudi, akakizungusha, akaniambia kitu ambacho duka lisingeniambia: “Kabati lote la mbao, mama, hamtaliinua. Fremu tufanye mbao, ubavu na mgongo tufanye hii.”

Ndivyo tulivyofanya hesabu. Kitanda mtiki, kichwa na miguu viungwe na mbavu kwa boliti ili kifunguke na kufungwa tena bila kuumia, chaga za paini iliyotiwa dawa. Viti vya mtiki vyenye maungo ya kuchomekwa, kwa sababu kiti kinavutwa, kinaegemewa, kinapandwa na watoto, na hakuna bodi inayovumilia hayo. Kabati fremu ya mtiki, paneli za plaiwudi zikae huru kwenye mfereji wa fremu bila gundi, kingo zote zipakwe vanishi hata zisizoonekana, na lisimame kwa miguu juu ya sakafu. Kwenye meza tulibishana. Alitaka kukaza uso wake kwa skrubu nne za moja kwa moja. Nilimwomba atoboe matundu marefu ili mbao zipate kutanuka masika, nikamweleza kuhusu mashua ya Feri. Alifikiri, akasema babaake alikuwa akifanya hivyo, akakubali.

Bei ilizidi kabati la dukani, na sikuona kuwa nimeonewa. Malipo nusu sasa, nusu nikija kukagua kabla vanishi haijapakwa, maana ikishapakwa kilicho chini yake hukioni tena. Alichukua penseli ya seremala, akaandika vipimo kwenye kipande cha plaiwudi: kabati vipande viwili vya kufungana kwa boliti, miguu inchi nne, kila kipande upana inchi thelathini na sita. Hapo nikampigia mdogo wangu simu apime mlango wa chumba. Tulisubiri huku tukisikia futi ya chuma ikigongagonga upande wa pili. Inchi thelathini na mbili. Mzee akalamba kidole, akafuta thelathini na sita, akaandika thelathini.